Krismasi ya Hemani Ilivyonigharimu Kaburi la Mwanangu

Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mke wa mtu, mama wa watoto wawili walio hai na mmoja aliyelala udongoni. Nauza vitenge na mashuka Kaloleni, hapa Arusha, na tumepanga Daraja Mbili. Mume wangu Aminiel ni fundi wa magari. Hatuna makuu, tunakula na kulipa kodi, basi.

Kila likizo ikikaribia, wateja wangu huniuliza swali lilelile. Mama Neema, ile kambi ya mahema kule Ngaramtoni, yenye bembea na mabwawa, inafaa? Watoto wanatusumbua! Wewe ulikwenda, tuambie, hela ile inastahili?

Huwa nacheka tu nakata kitenge... Leo nitajibu. Keti ndugu msomaji, maana jibu langu si fupi, na mwenzenu mpaka leo nikikumbuka nasikia kinyaa.

Sisi ni Wachaga wa Machame. Watani wetu husema kila Desemba tunakwenda kuhesabiwa. Wacheke tu! Ni kweli tunahesabiwa. Mzee anakaa kwenye kiti chake, anatazama nani amekuja na nani hayupo, mbuzi anachinjwa, kila mtu anapewa nyama yake kwa nafasi yake, na mambo ya ukoo yanasemwa siku hizo hizo. Usipokuwepo, umesemewa.

Baba mkwe wangu, ambaye watoto humwita Babu, alikuwa na wana wawili wa kiume. Mkubwa ni Aminiel wangu, mdogo ni Godlisten, sisi tunamwita Godi. Shamba letu la migomba, yaani kihamba cha ukoo, Babu alishasema kwa mdomo kwamba upande wa juu, penye mparachichi, ni wa Aminiel. Upande wa chini na nyumba ni vya Godi, kama desturi yetu ilivyo kwa kitinda mimba. Ila mpaka ulikuwa haujapandwa.

Kwetu mpaka haupigwi zege. Unapandwa masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani, mbele ya watu. Yakishapandwa mbele ya watu, yamepandwa.

Na huko juu, chini ya mparachichi, ndiko alikolala mwanangu Ebeneza. Alifariki hata kutembea hajaanza. Tulimzika pale, na Babu kwa mkono wake akampandia isale moja kichwani pa kaburi. Kila Desemba nilikuwa naenda kumfagilia. Mama mwenzangu aliyewahi kuzika ananielewa...

Sasa huyu Godi. Kazi yake ni kuendesha watalii, anaishi Arusha hapahapa lakini kwenye nyumba ya geti. Mtu wa marashi, miwani kichwani, maneno matamu kama asali. Kwa kuwa masikio ya Babu yalishachoka na kwenye simu hasikii, salamu zote za mzee zilipitia kwa Godi, maana yeye alikuwa akienda Machame kila mara na wageni wake. Mzee kasema hivi, mzee anataka vile. Nasi tunaitikia amina. Kosa letu la kwanza ndilo hilo, na tulilifanya kwa miaka!

Desemba ile Godi alikuja kwetu na keki. Akasema mzee ameona mwaka huu tusihangaike na safari, tupumzike, yeye mwenyewe atashuka Arusha Pasaka atusalimie. Halafu akatoa lake la moyoni, ati ametulipia hema la familia kwenye ile kambi, siku nne, Krismasi yote! Zawadi yake kwa kaka na shemeji, maana tumeteseka sana na maisha.

Wanangu Neema na Kelvin waliruka mpaka meza ikatikisika. Baadaye Aminiel akaniuliza, Desemba bila nyumbani, mke wangu? Tutasemaje?

Nitasema ukweli hata kama unanichoma. Mimi ndiye niliyemsukuma. Msinihukumu haraka jamani! Mkwe wa Kichaga Desemba hapumziki. Unafika, hata gauni hujavua, unakabidhiwa sufuria. Moshi machoni, maji ya kuteka, wageni wa kulishwa, vyombo vya kusugua, wenzio wanapiga picha wewe umeshika mwiko. Nikasema mwaka mmoja tu, Bwana, na mimi nilale chali kama mke wa mtu. Ni dhambi?

Aminiel akakubali kwa ajili yangu.

Tukaenda. Nilikuwa nimepika machalari, ndizi na nyama, sufuria nzima, nikakaanga na chapati. Langoni mlinzi akanizuia. Chakula cha nje hakiingii. Nikambembeleza, wapi! Akanyang'anya sufuria yangu akaisukuma chini ya meza. Saa moja baadaye nimerudi kuuliza kitu, nawakuta walinzi watatu wanakomba machalari yangu kwa chapati zangu, mmoja ananiambia mama umepika vizuri. Jamani! Hata aibu?

Hayo yalikuwa makaribisho. Mapokezini binti akatuambia kilicholipwa ni kishika nafasi tu, hema lenyewe bado. Nikampigia Godi, akacheka, akasema shemeji kuna mkanganyiko, lipeni nitawarudishia. Watoto wameshaona bembea, utawaambia nini? Tukalipa kwa fedha tuliyokuwa tumeiweka kwa ajili ya mbuzi wa Babu. Mbuzi wa mzee akageuka kuwa turubai!

Na turubai lenyewe sasa... Godoro limelowa upande mmoja, linanuka mkojo wa wageni waliotutangulia. Blanketi ni la kukodi. Na mnaijua baridi ya chini ya Meru ikichanganyika na manyunyu, inaingia mpaka kwenye mifupa. Kila mtu anafungwa bangili ya karatasi mkononi kama ng'ombe wa mnadani, na kila mchezo una rangi yake ya bangili. Hii inapanda bembea, haitelezi majini. Hii inateleza, haigusi bembea. Mtoto akilia, unaongeza. Soda ya dukani kwetu, pale bei yake unaisoma mara mbili ukidhani umekosea.

Vyoo? Msiniulize. Nilikwenda na kanga puani. Bwawa ambalo kwenye picha lilikuwa la buluu, mimi nililikuta la kijani, na nepi ya mtoto inaelea kwenye kona, watu wanaisukuma kwa miguu wanaendelea kuogelea! Tumbili wakaingia hemani wakabeba mkate wetu. Muziki ukapigwa usiku kucha mpaka Kelvin akalia kwamba anataka kwetu.

Lakini binadamu tuna ujinga. Ukishalipa, unajilazimisha kufurahi. Asubuhi ya Krismasi jua likatoka kidogo, mimi nikavaa kofia ya kuazima, nikaingia na wanangu kwenye lile bomba refu la kuteleza. Tukashuka tunapiga kelele, puu, majini! Aminiel akapiga picha. Nimecheka meno yote thelathini na mbili nje, nguo imenibana, sina habari na dunia.

Ile picha nikamtumia Godi. Nikaandika, asante shemeji, Mungu akubariki kwa kutukumbuka.

Asante shemeji! Mimi huyu, kwa vidole vyangu...

Siku ya tatu, simu ya Aminiel ikaita namba ngeni. Ilikuwa ni shangazi yake, dada wa Babu, jirani wa palepale kihambani. Yeye hana simu, alikuwa ameazima kwa muuza duka. Alikuwa analia. Akauliza tumekosewa nini nyumbani mpaka tumtukane mzee hivi. Aminiel akasema shangazi, kumtukana vipi? Ndipo mama wa watu akamwaga yote.

Babu hakusema tusiende! Babu alimwagiza Godi atuambie mwaka huu tusikose kwa gharama yoyote, maana anajisikia vibaya na anataka kupanda masale wana wake wote wawili wakiwepo. Godi akamrudishia jibu kwamba kaka amekataa. Ati Aminiel amesema gawa tu, sina haja na migomba, nakwenda kustarehe na mke wangu. Babu akabisha, akasema mwanangu hawezi kusema hivyo. Basi Krismasi baada ya ibada, mbele ya wazee wa ukoo, Godi akatoa simu. Akaonyesha picha.

Mimi. Majini. Nacheka!

Shangazi akasema Babu aliiangalia ile picha muda mrefu, akaitazama tena, halafu akasema basi, kesho tupande. Wakapanda. Kihamba chote kikawa cha Godi, na mparachichi, na Ebeneza wangu ndani yake.

Simu ilianguka kutoka mkononi mwa Aminiel. Alianza kukunja nguo za watoto akizitia kwenye begi zikiwa mbichi. Yeleuwi! Mimi nilikaa juu ya lile godoro linalonuka nikatapika. Kweli, nilitapika.

Tulipanda Machame siku hiyohiyo. Babu alikuwa barazani kwenye kiti chake, blanketi begani. Nilipiga magoti nikasema, shikamoo Baba.

Marahaba haikuja.

Alinitazama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama Neema, yale maji yalikuwa ya moto au ya baridi?"

Mnajua kuna matusi, na kuna swali kama hilo. Angenipiga kwa fimbo yake ningeshukuru.

Aminiel akaeleza, akaapa, akalia mbele ya wazee, mwanaume mzima. Godi alikuwepo, anachokonoa meno. Akasema kwa sauti ya huruma, kaka, mimi nilikuletea ujumbe, wewe ukaniambia umechoka na nyumbani, mbona unanigeuka? Nilitamani kumtafuna! Lakini nani angetuamini? Picha ilikuwa ni yetu. Asante shemeji ilikuwa ni yangu. Wazee wakasema masale yaliyopandwa mbele ya watu hayang'olewi kwa ugomvi wa maneno. Nikaenda kumfagilia mwanangu, na Godi akaniambia nisikae sana, pale sasa ni kwa mtu.

Tukarudi Arusha. Nyumba yetu ikawa kama ya msiba. Aminiel hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniua zaidi. Anarudi kazini, anakula, anageukia ukuta. Neema akaniuliza, mama, sasa Ebeneza ni wa baba mdogo?

Kumbe yalikuwa hayajaisha. Mvua za masika zilipokaribia, siku moja naona shangazi mwenyewe anaingia dukani Kaloleni, amechafuka matope mpaka magotini. Nikamkalisha kwenye robota la vitenge nikampa maji. Hakuyanywa. Akasema, mwanangu, jikaze.

Godi alikuwa anafyeka migomba ya juu. Anatengeneza kambi ya mahema! Wageni wanaopanda mlima walale pale, wapigwe picha na migomba. Zile siku alizokuwa anatusifia kambi ya Ngaramtoni, kumbe mwenzetu alikuwa anasoma biashara. Na shimo la choo cha wageni wake amelichimbisha hatua chache tu kutoka kichwani kwa mwanangu. Isale la kaburi limeng'olewa, limetupwa kwenye takataka.

Choo! Kaburi la mtoto na choo!

Jamani, mimi nimeona mengi, lakini kinyaa cha siku ile nilikuwa sijawahi kukisikia. Si hasira. Hasira inapanda inashuka. Hiki ni kile cha kutaka kunawa mikono kwa sababu uliwahi kumpa mtu mkono. Ni damu ya mume wangu, amekula kwangu, nimemfulia shuka akiwa mwanafunzi. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi changu nilikuwa nakipikia.

Shangazi akaendelea. Babu alisikia majembe, akajikongoja na fimbo mpaka juu, akaliona shimo. Alisimama pale mpaka mvua ikamkuta. Akasema mtu anayeweza kumfanyia hivi mtoto aliyelala, mimi mzee asingeshindwa kunidanganya. Akamwita Godi, akamwambia, "Nenda kwa mama wa huyu mtoto. Usipopata msamaha wake, siku yangu usije kunizika."

Kwetu hakuna neno zito kama hilo. Mtoto wa kiume asiyemzika baba yake, atatembea vipi duniani?

Na kweli, haikupita wiki, Godi huyo dukani kwangu. Miwani kichwani, marashi yananitangulia puani. Mkononi kashika isale, limefungwa fundo.

Asiye wa kwetu nimweleze. Ukimkosea Mchaga ukamletea isale, hana ruhusa ya kukataa. Hata kama umemuua ndugu yake. Jani hilo likiletwa, mkono lazima uinuke upokee. Godi alilijua hilo tangu tumboni mwa mama yake, ndiyo maana hakuja na machozi wala maelezo. Alikuja na jani.

Akapiga magoti katikati ya vitenge. Akasema, "Shemeji, nimekukosea. Nisamehe."

Mkono wangu uligoma. Niliutazama kama si wangu. Nikamwona Ebeneza, nikaliona shimo, nikajiona mimi na ile kofia ya kuazima... Shangazi, aliyekuwa amekuja naye, akaniambia polepole kwa Kichaga, pokea, mwanangu, usiache dhambi yake ikawa yako.

Nikapokea.

Na Godi, mtu huyu bwana, akasimama papo hapo! Akapangusa magoti ya suruali, akatabasamu, akaniuliza shemeji, hamna hata soda ya baridi hapa? Kwake yamekwisha. Amelipia kishika nafasi, amepata hema.

Hapo ndipo Mungu alinifungua kinywa. Nikamwambia, "Nimelipokea, Godi. Sasa kaza viatu. Twende ukalipande pale ulipong'oa."

Akacheka. Akaona sicheki. Nikafunga duka mchana kweupe, nikampigia Aminiel, tukapanda naye Machame kwenye gari la Godi mwenyewe la watalii, mimi nimekaa mbele nimelishika isale mapajani kama mtoto. Tukapita Boma Ng'ombe, mpaka juu.

Babu alibebewa kiti mpaka chini ya mparachichi, wazee wakaitwa. Godi alifukia lile shimo kwa mikono yake, viatu vyake vya bei vimejaa matope, hakuna aliyemshikia jembe. Alipomaliza, akaleta isale, akalipanda kichwani kwa mwanangu, akashindilia udongo. Kisha mpaka ukapandwa upya, wana wote wawili wamesimama, mbele ya watu.

Nikasogea kwenye kiti. Nikapiga magoti. Shikamoo Baba.

"Marahaba, mwanangu," alisema, na akaniwekea mkono kichwani. "Krismasi mje mapema. Nataka niwaone mkishuka tu kwenye gari."

Tukamwahidi. Nikamwahidi kwa kiapo!

Hakuifikia. Baridi ya katikati ya mwaka ilimchukua, kifua. Wanawe wote wawili walimzika, kila mmoja na koleo lake, na baada ya hapo Aminiel na mdogo wake wamebaki wa kusalimiana msibani tu. Nimesamehe, maana nilipokea jani. Ila keki yake siwezi kula tena, na simwachii ujumbe wangu hata wa salamu.

Basi, ninyi mnaoniuliza kama ile kambi inafaa gharama yake. Mnauliza hema ni kiasi gani, bangili ni kiasi gani. Mimi nawaambia hata mngelala bure, na godoro likawa kavu, na bwawa likawa la buluu kama kwenye picha, kwangu ilikuwa ghali. Krismasi ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ya Babu. Alikaa kwenye kiti chake anatazama njia, akaonyeshwa mimi nateleza majini.

Nawasihi, wenzangu. Watoto wapelekeni wakacheze, siku moja, wikiendi yoyote ile, mle vyenu nyumbani kabla hamjaenda. Lakini mzazi akikuita Desemba, nenda. Na kama husikii sauti yake mwenyewe, usikubali maneno yake yakufikie kwa kinywa cha mtu mmoja, hata kama kinywa hicho kimenyonya ziwa moja na mumeo. Panda gari ukamuulize usoni. Na mama mwenzangu unayechoka na moshi wa ukweni, nakujua, nilikuwa wewe. Vumilia moshi. Unatoka machoni.

Desemba iliyopita tulifika mapema, kama tulivyoahidi. Nilishuka kwenye gari nikatazama barazani, kiti kiko palepale, kitupu. Nikaingia jikoni nikakabidhiwa sufuria.

Bembea ya Ngaramtoni bado ipo, inazunguka mpaka leo. Babu hayupo.